Pima Masikio na Macho Kabla ya Kusema Mzee Amesahau

Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Familia za Ngara na Biharamulo

Mzee akijibu ndivyo sivyo, akimwita mjukuu kwa jina la mwingine au akikaa kimya kikaoni, familia huwa na hukumu tatu tayari mkononi: ni uzee, ni kusahau, au ni mkono wa mtu. Kwamba huenda sikio limejaa nta, au jicho limefunikwa na mtoto wa jicho, hakuna anayetaja. Nayo ndiyo hukumu rahisi kuliko zote kuithibitisha, tena ukiwa nyumbani.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu walioitishwa na jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakidhibitiwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu duniani, yaani demensia. Kupungua kwa usikivu kuanzia umri wa kati ni mojawapo ya mambo mazito zaidi katika orodha hiyo. Uoni hafifu usiotibiwa uliongezwa mwaka huohuo. Na asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya Ulaya: katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa vijijini wenye miaka 70 na kuendelea, wakakadiria kuwa asilimia 6.4 wana demensia.

Ubongo hulishwa na milango ya fahamu. Asiyesikia vizuri hutumia nguvu nyingi kukisia maneno, kisha huchoka, huacha kwenda kanisani, msikitini, kwenye VICOBA na kwenye misiba. Upweke nao umo katika orodha ya yale mambo 14. Kwa hiyo yafuatayo yasomwe kama maagizo.

KABLA YA KUPIMA

Fanya: Nunua daftari moja la familia. Andika jina, tarehe, sikio la kulia, sikio la kushoto, jicho la kulia, jicho la kushoto, pua, nyayo, presha. Aliyefikisha miaka 40 apimwe mara moja kwa mwaka. Aliyefikisha 60 apimwe kila baada ya miezi mitatu.

Fanya: Tumia lugha aliyozaliwa nayo. Bibi wa Kihangaza akiulizwa kwa Kiswahili cha shule akakosa, umepima Kiswahili chake. Ni hivyohivyo kwa Kisubi, Kizinza, Kihaya na Kisukuma.

Fanya: Omba ruhusa kwa heshima. Amkia kwanza, kisha sema, "Baba, naomba nikupime masikio, na mimi utanipima yangu." Mkipimana wote, hakuna atakayejiona mgonjwa peke yake.

Usifanye: Usimpime mtu mbele ya wageni, wala wajukuu wasiruhusiwe kucheka. Mzee aliyeaibishwa leo atakuficha kesho.

Usifanye: Usijitangazie ugonjwa kutokana na vipimo hivi. Kazi yake ni kukuonesha nani apelekwe zahanati, na kumpa tabibu pa kuanzia.

MASIKIO

Fanya: Pima kwa kunong'ona. Zima redio, funga mlango. Mzee aketi, nawe usimame nyuma yake kwa umbali wa urefu wa mkono ili asisome midomo yako. Aweke kidole juu ya tundu la sikio moja na kulisugua taratibu. Toa pumzi yote kwanza, ndipo unong'one namba tatu: nne, saba, mbili. Azirudie. Akikosa, nong'ona namba nyingine tatu. Akipata pungufu ya tatu kati ya zote sita, sikio lililoachwa wazi lina kesi. Hamia upande wa pili kwa namba tofauti, maana za kwanza ameshazikariri.

Fanya: Fuatilia tabia. Je, sauti ya redio imepandishwa kuliko mwaka jana? Je, anaelewa mkiwa wawili lakini anapotea mkiwa watano? Je, anageuza kichwa upande mmoja kila anaposemeshwa? Yote yaandikwe.

Fanya: Mpeleke zahanati achunguzwe nta kwanza. Nta iliyoganda huziba sikio kabisa, na kuiondoa ni kazi ya muda mfupi kwa mwenye ujuzi na vifaa.

Usifanye: Usiingize kitu sikioni. Si njiti ya kiberiti, si unyoya wa kuku, si ufunguo, si kijiti cha pamba. Kinachoingia husukuma nta ndani zaidi, na siku mbaya hutoboa kiwambo cha sikio.

Usifanye: Usimwagie mafuta ya taa, petroli wala maji ya majani sikio linalotoa usaha. Usaha wa muda mrefu hula mifupa midogo ya usikivu, na maambukizi yake yanaweza kupanda hadi kwenye ubongo. Mtoto mwenye sikio la namna hiyo leo ndiye mzee kiziwi wa baadaye.

Usifanye: Usinunue sindano ya jentamaisini dukani na kuchomwa mtaani. Dawa hiyo inaweza kuua usikivu moja kwa moja. Kwinini nayo huleta mlio masikioni. Mgonjwa anayezitumia akisema masikio yanalia, mwambieni tabibu siku hiyohiyo.

Usifanye: Usikae karibu na karasha la kusagia mawe, mashine ya kusaga nafaka au spika za harusi bila kinga. Kipimo ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, kelele hiyo inakudhuru. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kijana wa karasha au mashine anaweza kuvuka kikomo hicho kabla wiki haijafika katikati.

Usifanye: Usimpigie kelele mzee asiyesikia. Kelele huvuruga maneno na huonekana kama ugomvi. Keti mbele yake, mwanga ukuangukie usoni, sema taratibu, sentensi fupi. Kikaoni mpe kiti cha mbele. Tunasema penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee huyo lazima kwanza alisikie neno lenyewe.

Kuhusu vifaa vya kusaidia usikivu, ukweli usemwe wote. Utafiti wa ACHIEVE wa Marekani, uliotolewa mwaka 2023, ulifuatilia watu 977 wenye miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu. Kwa kundi lote, vifaa havikuleta tofauti ya wazi katika kudhoofika kwa akili. Kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, kudhoofika kulipungua kwa asilimia 48. Vifaa hivyo ni ghali na hupatikana kwa shida huku kwetu. Nta, usaha, kelele na sindano za mtaani vinadhibitika hapahapa, kwa hiyo anza navyo.

MACHO

Fanya: Pima kwa herufi E. Chukua karatasi nyeupe, chora kwa wino mweusi mzito herufi E yenye urefu wa milimita 13 na upana uleule, mistari na nafasi zake viwe na unene sawa. Msimamishe mtu mita 3 kutoka kwenye karatasi, mchana, penye mwanga mzuri. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza. Geuza karatasi ili miguu ya E ielekee juu, chini, kulia na kushoto, naye aoneshe kwa vidole inaelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma. Mgeuzie mara tano. Akikosa zaidi ya mara moja, jicho hilo lionwe na mtaalamu.

Fanya: Pima kila jicho peke yake, bila kuacha. Jicho moja linaweza kufa kimyakimya huku lingine likibeba kazi yote, na mwenyewe asijue mpaka siku litakapoingia vumbi lile zima.

Fanya: Mtoto wa jicho akithibitishwa, kubali upasuaji. Hakuna matone wala mitishamba inayomwondoa. Katika jimbo la Washington, Marekani, watafiti waliwafuatilia wazee 3,038 wenye mtoto wa jicho au presha ya macho, wakatangaza mwishoni mwa mwaka 2021 kwamba waliotolewa mtoto wa jicho walipata demensia kwa asilimia 29 pungufu ya wasiofanyiwa. Utafiti wa kufuatilia hauthibitishi kuwa upasuaji wenyewe ndio uliokinga. Hata hivyo mzee anayeona anatembea, anapalilia, anamtambua jirani na anajiamini njiani, na hayo yanatosha kuwa sababu.

Fanya: Mwenye kisukari achunguzwe ndani ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Usifanye: Miwani ya kusomea isiwe kisingizio cha kutopimwa. Baada ya miaka 40 karibu kila mtu hushindwa kutunga uzi kwenye sindano, na miwani humsaidia. Lakini presha ya macho haiumi, na inachokula hakirudi.

Usifanye: Usitie jichoni maziwa ya mama, mkojo, majani yaliyopondwa wala matone aliyobakiza jirani. Matone yenye steroidi yakitumiwa kiholela huleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Usifanye: Usimwite bibi mchawi kwa sababu macho yake ni mekundu. Katika Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma hiyo. Miaka 50 mbele ya mafiga na kuni mbichi inatosha kumfanya yeyote awe na macho mekundu. Kausha kuni, toboa pa kutokea moshi, mhamishe kwenye jiko banifu. Hewa chafu nayo imo katika mambo 14.

PUA NA ULIMI

Fanya: Afumbe macho, azibe tundu moja la pua. Mnusishe kahawa iliyokaangwa, kisha kitunguu saumu, kisha sabuni ya kufulia, kimoja kimoja. Ataje anachonusa. Rudia upande wa pili.

Fanya: Akishindwa, uliza kwanza kama ana mafua au kama aliwahi kuugua UVIKO-19. Subiri mafua yaishe, pima tena. Tatizo likidumu zaidi ya mwezi bila sababu, liandike na umwambie tabibu. Kwa ugonjwa wa Parkinson, harufu inaweza kupotea miaka kadhaa kabla mkono haujaanza kutetemeka. Katika ugonjwa wa Alzaima, aina mojawapo ya demensia, hali hiyo pia hutokea mapema.

Fanya: Asiyenusa asiachwe peke yake na jiko usiku, wala asiwe ndiye mwenye kuamua kama maziwa au dagaa vimeharibika.

Usifanye: Usipime kwa pilipili, petroli wala amonia. Vitu hivyo huchoma mishipa ya maumivu, kwa hiyo hata asiyenusa kabisa atashtuka nawe utadhani amefaulu.

Usifanye: Usipuuze mpishi aliyeanza kuzidisha chumvi. Huenda ladha imepungua, na nyumba nzima inalipa kwa presha ya damu. Kikomo ni kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa mtu mzima kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye dagaa.

NGOZI, NYAYO NA MSIMAMO

Fanya: Afumbe macho, mguse kwa pamba kwenye vidole vya miguu, nyayo na viganja. Aseme "sasa" kila anapoguswa. Nyayo zisizohisi huenda ni kisukari, upungufu wa vitamini au pombe.

Fanya: Ukikuta baka kwenye ngozi lisilohisi pamba, mpeleke akachunguzwe ukoma. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Fanya: Asimame kando ya ukuta, nawe umlinde, ainue mguu mmoja kwa sekunde 10. Akiyumba, ondoa mawe mlangoni, mpe mkongojo, weka taa njia ya chooni. Kuumia kichwa ni mojawapo ya mambo 14, na vilima vya Ngara havina huruma kwa mguu usiohisi.

Usifanye: Usipime hisia kwa maji ya moto wala kijinga cha moto. Asiyehisi ataungua, wewe ukimtazama.

Usifanye: Usipande bodaboda bila kofia ngumu, wala usimpakize mzee bila hiyo.

Usifanye: Usiifanye gongo kuwa dawa ya usingizi. Pombe nyingi ya miaka mingi humaliza vitamini B1, ikaharibu mishipa ya miguu na kumbukumbu kwa pamoja.

MACHIMBONI

Sehemu hii inawahusu zaidi watu wa Biharamulo. Mgodi wa Tulawaka ulianza kuzalisha mwaka 2005, na tangu 2013 uko chini ya STAMIGOLD, kampuni ya serikali. Lakini dhahabu ya Biharamulo haichimbwi mgodini tu. Wachimbaji wadogo nao wanakamatisha dhahabu kwa zebaki, na zebaki ni adui wa moja kwa moja wa ubongo na milango yake. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Huleta kutetemeka, usahaulifu, hasira zisizo na sababu na ganzi mikononi. Ikiingia mtoni hugeuka kuwa aina nyingine inayojikusanya ndani ya samaki. Aina hiyo ndiyo iliyowapofusha, kuwaziba masikio na kuwapooza watu wa Minamata, Japani, msiba uliotambuliwa rasmi mwaka 1956.

Fanya: Choma dhahabu kwa retoti, yaani chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, nje ya makazi, mbali na watoto na wajawazito. Nguo za kazi zibaki kazini.

Fanya: Anayeshika zebaki apimwe macho, masikio na viganja kila baada ya miezi mitatu, hata akiwa na miaka 20. Aandike jina lake daftarini. Mwandiko ukianza kutetemeka, ushahidi utakuwa umejiandika wenyewe.

Usifanye: Usichome zebaki kwenye jiko la nyumbani. Sufuria iliyochomewa dhahabu usiku haifai kupikia uji asubuhi, hata ukiisugua kwa majivu. Kuta, paa na godoro navyo hunyonya mvuke na kuutoa polepole.

Usifanye: Usihifadhi zebaki kwenye chupa ya soda ndani ya chumba cha kulala.

KUMBUKUMBU

Fanya: Ipime mwisho, baada ya masikio na macho. Watafiti waliofanya kazi Hai waliunda kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kisichohitaji mzee ajue kusoma wala kuandika. Miongoni mwa kazi zake, mzee hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyoambiwa muda mfupi uliopita, na hupanga njiti za kiberiti zifuate umbo alilooneshwa. Uliza kituoni kama kuna anayekifahamu.

Fanya: Uliza ya jana. Nani alikuja? Tulikula nini? Nani ameleta ndizi?

Usifanye: Usidanganywe na hadithi za zamani. Mzee wa Ngara anaweza kukusimulia bila kukosea jinsi Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivyovuka mpaka wa Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994, kambi ya Benaco ikajaa kwa siku moja, na bado asijue kama amekunywa chai asubuhi. Katika demensia ya kawaida, ya karibuni ndiyo hutangulia kupotea.

Usifanye: Usimchanganye aliyepotewa na akili ghafla na mwenye demensia. Kuchanganyikiwa kwa siku moja au mbili mara nyingi ni malaria, maambukizi, sukari kushuka au dawa. Hiyo ni dharura, nayo hutibika.

Usifanye: Usidharau usingizi uliogeuka. Mtu anayelala mchana na kukesha usiku, naye ametoka kuchunga, kuwinda au kukata kuni karibu na Hifadhi ya Burigi-Chato penye mbung'o, amweleze tabibu kwamba aliumwa na mbung'o. Malale huingia hadi kwenye ubongo, na bila tiba huua.

YASIYOSUBIRI KESHO

Fanya: Jicho likizima ghafla, mdomo ukipinda, mkono ukifa ganzi upande mmoja au ulimi ukiwa mzito, ondoka saa hiyohiyo. Ngara kuna hospitali za Nyamiaga, Murgwanza na Rulenge. Biharamulo kuna hospitali ya wilaya. Rufaa inaweza kuwa Bukoba, Chato au Bugando, na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikiwalaza wagonjwa njiani kwenda Mwanza.

Fanya: Andika saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, baada ya picha ya kichwa. Asiyejua saa amempotezea mgonjwa nafasi hiyo.

Fanya: Kituoni ulizia dirisha la wazee na msamaha wa matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na wasiojiweza wana haki ya kutibiwa bila malipo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chako alione daftari lako.

Usifanye: Usianzie kwa mganga wa kienyeji ukisema hospitali itafuata. Kiharusi, sukari na malaria ya kichwa havisubiri kuku mweupe apatikane.

Usifanye: Usimpe mgonjwa wa kiharusi chakula, maji wala dawa ya kunywa. Koo lake huenda halimezi, na kinachoingia kitashukia mapafuni.

Karatasi, wino, pamba, kahawa, kitunguu saumu na daftari: hakuna nyumba ya kushindwa kuvipata vyote. Jumamosi hii mpime baba, mpime mama, nawe upimwe. Atakayeshindwa kipimo apelekwe kituoni wiki hiyohiyo. Asiyefanya hivyo hana haki ya kusimama mbele ya ukoo na kutangaza kwamba mzee wake amesahau.